Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: tufundisheni kujenga hoja, si kuzitaja majina

Kwa Mkuu wa Chuo,
Kwa wajumbe wa Baraza la Taaluma,
Kwa Mkuu wa Idara ya Stadi za Mawasiliano.

YAH: KOZI YA UJENGAJI HOJA NA MDAHALO

Ndugu Mkuu wa Chuo, salaam.

Tafadhali rejea barua mbili nilizoziwasilisha ofisini kwako muhula uliopita, pamoja na ile ya tatu iliyotiwa saini na wenzangu 41. Ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliambiwa imepelekwa idarani. Kuhusu ya tatu, karani wa masijala alinieleza kwa upole kwamba imo kwenye faili, na faili limo mezani. Miezi 5 imepita. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote. Siandiki ili kukuaibisha. Nakipenda chuo hiki, na nimebakiza muhula mmoja tu wa kukidai kilichoniahidi.

Ahadi yenyewe imeandikwa katika mwongozo wa masomo, chini ya kozi hii ambayo ni ya lazima kwa kila anayeingia mwaka wa kwanza: kwamba atakayeimaliza ataweza kujenga, kutetea na kupima hoja, kwa mdomo na kwa maandishi. Vitenzi vitatu. Nimeimaliza kozi hiyo na sikuwahi kutakiwa kutenda hata kimoja.

Niruhusu nieleze lililonikuta. Kozi nilifaulu kwa alama 81. Swali la pili la mtihani lilitutaka tutaje makosa 8 ya kimantiki na mfano wa kila moja. Niliyataja yote: kumshambulia msemaji badala ya neno lake, kuupotosha usemi wa mwenzako kisha ukaubomoa huo uliopotoshwa, kuegemea wingi wa watu, kuegemea cheo, kuzunguka palepale, na mengineyo. Sikukosa hata moja. Wiki chache baadaye wenzangu wakanituma mbele ya kamati ya maktaba, niombe saa ya kufunga isogezwe kutoka saa 2 usiku hadi saa 4. Nilipewa dakika 5. Nikasema kwa dakika 2, nikamaliza. Mwenyekiti, mtu mstaarabu kabisa, akaniuliza: "Una uthibitisho gani kwamba wanafunzi watakuwepo saa hizo?" Nikajibu: "Kila mtu anajua." Akauliza tena, taratibu: "Kila mtu ni nani?" Nikasema kwamba hata aliyekikalia kiti kile kabla yake aliwahi kuliafiki wazo hili. Akaandika neno moja kwenye karatasi yake, akafunika kalamu. Ombi likakataliwa.

Nilikuwa ngazini nashuka nilipotambua nilichofanya. Ndani ya dakika moja nilikuwa nimeegemea wingi wa watu, kisha nikaegemea cheo, makosa mawili niliyopewa alama kamili kwa kuyaeleza. Na uthibitisho ulikuwepo. Daftari la mlangoni linaonyesha kila jioni ni wangapi hutolewa maktaba inapofungwa. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba kabla ya kwenda kuomba, nikae kwanza kwenye kiti cha anayenikatalia, nilitafute swali atakaloniuliza, niende na jibu lake mkononi. Waliokosa maktaba usiku ule hawakuwa na kosa lolote. Walimtuma mtu mwenye alama 81.

Ninachokuomba, Ndugu Mkuu, kinatoka hapo. Mtu hajifunzi kujenga hoja mpaka apatikane wa kuipinga, ana kwa ana, papo hapo, kwa heshima. Kozi yetu haina nafasi hata moja ya namna hiyo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kozi inafundishwa kwa mhadhara na kupimwa kwa kukariri.

Tunakaa ukumbini, mhadhiri anasoma slaidi, tunanakili. Tumenakili kwamba Aristotle alitaja njia tatu za kumshawishi msikilizaji: hulka ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya maneno yenyewe. Tumenakili mchoro ambao mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin aliutoa mwaka 1958, wenye dai, ushahidi, na kiungo kinachouruhusu ushahidi ulifikie dai. Tukauchora upya kwenye mtihani, na mishale yake.

Mchoro ule ni hazina, ndiyo maana inaniuma. Chukua ombi langu la maktaba. Dai: ifungwe saa 4. Ushahidi: daftari linaonyesha watu wengi hutolewa saa 2. Kiungo hakikutajwa, nacho ni hiki: kwamba anayetolewa saa 2 angebaki kama angeruhusiwa. Je, angebaki kweli? Labda wengi wao wangeondoka baada ya robo saa. Hapo ndipo mpinzani mzuri anapogonga, pale pasipotamkwa, na hapo ndipo mwombaji mzuri anapopaimarisha kabla hajagongwa. Angalau angewauliza wenzake 30 mlangoni, akaandika majibu. Zoezi kama hilo linachukua dakika 20 darasani na mwanafunzi halisahau maisha yake yote. Sisi tuliambiwa tukariri neno "kiungo".

2. Hatufundishwi kusikiliza, na bila hilo hakuna mdahalo.

Watu wengi wanaposikia mdahalo wanafikiria ufasaha wa kusema. Mimi pia nilifikiria hivyo mpaka nilipoingia klabu ya mdahalo na mwenzangu wa mwaka wa juu akanipa karatasi, akaniambia niikunje mara mbili ipate safu 4. Safu ya kwanza, andika hoja za msemaji wa kwanza, moja chini ya nyingine, kwa maneno machache. Safu ya pili, kando ya kila hoja, andika lililojibiwa. Endelea hivyo hadi safu ya nne. Mwishoni angalia panapobaki pembe tupu: hoja iliyosemwa na haikujibiwa na yeyote. Mara ya kwanza karatasi yangu ilikuwa na hoja zangu tu. Upande wa mwenzangu niliandika maneno mawili, na moja kati ya hayo hakulisema.

Karne ya 13, katika vyuo vikuu kama Paris na Oxford, hakuna aliyepata shahada bila kushiriki mdahalo wa hadhara. Katika desturi hiyo ya mdahalo, jinsi ilivyokua, aliyepewa kazi ya kujibu alitakiwa kwanza kuirudia hoja ya mpinzani wake, ndipo aijibu kipande kwa kipande, na majibu yalikuwa ya namna tatu: nakubali, nakataa, natofautisha. Hilo la tatu ndilo linalonivutia. Kutofautisha ni kusema: neno lako lina maana mbili, kwa maana hii una haki, kwa maana ile huna. Fikiria ni migogoro mingapi, mikutanoni, majumbani na hata katika vikao vya idara, ambayo ingeisha kama mtu mmoja tu angejua kutofautisha. Mtu anasema "uhuru", mwenzake anajibu kuhusu "fujo", na kutwa nzima hakuna aliyeuliza kama wanazungumzia kitu kimoja.

Kanuni ile ningeirudisha darasani kesho. Usijibu mpaka umeyarudia maneno ya mwenzako na yeye akakiri: "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema." Klabuni tumeijaribu. Mwanzoni inakera, kwa sababu unagundua kwamba mara nyingi ulikuwa unajibu kitu kingine kabisa. Baada ya wiki 3 sauti zinashuka zenyewe.

3. Hakuna anayewahi kupewa upande asioupenda.

Tunapoandika insha tunachagua mada na msimamo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwanafunzi anamaliza miaka 3 akikusanya sababu za kile alichokiamini siku alipofika.

Mwaka 2015 timu ya mdahalo ya wafungwa wa jimbo la New York, waliokuwa wakisoma shahada kupitia mpango wa Chuo cha Bard, iliishinda timu ya Chuo Kikuu cha Harvard. Hawakuwa na intaneti. Vitabu na makala waliyoyahitaji yalipaswa kuombewa idhini ya uongozi wa gereza. Habari hiyo ilienea duniani, lakini lililonigusa zaidi halikusemwa sana: upande waliopewa ulikuwa wa kutetea kwamba shule za umma ziwe na haki ya kuwakatalia watoto wasio na vibali vya kuishi nchini. Wao wenyewe hawakuafiki. Ilibidi wakae na wazo wasilolipenda, walitafutie sababu zake bora kabisa, na wazieleze kwa namna ambayo anayeliamini kweli angesema: naam, hivyo ndivyo ninavyofikiri.

Sijui zoezi jingine linalompa kijana heshima kwa mtu asiyekubaliana naye kama hili. Nami najua kwa nafsi yangu. Klabuni nilipangiwa kutetea kwamba mahudhurio darasani yawe ya lazima, jambo nililokuwa nikilipinga kwa hasira. Sikubadili msimamo. Lakini tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba wanaotetea mahudhurio ni watu wapendao kutawala wenzao. Nilizisoma sababu zao, na mbili sijaweza kuzijibu hadi leo.

4. Kumpinga mhadhiri kunahesabiwa utovu wa adabu.

Hili naliandika kwa uangalifu. Mwaka wa pili, katika semina ya watu 15, mwenzetu aliinua mkono akasema kwamba mfano uliotolewa unaelekea kuunga mkono hitimisho tofauti na lililoandikwa kwenye slaidi. Alisema kwa adabu, akaanza na "samahani, Mwalimu". Akajibiwa: "Ukifika kwenye kiti hiki utasema utakavyo." Darasa likacheka. Yeye akakaa, akafunga daftari lake, na hadi muhula unaisha sikumsikia tena akisema neno.

Ndugu Mkuu, jibu lile ni la kuegemea cheo. Lingekuwa kwenye karatasi ya mtihani tungelipigia mstari. Wahadhiri wengi wa hapa si hivyo, na wawili wamenifundisha zaidi ya ninavyoweza kulipa. Lakini mara moja inatosha kuwafundisha watu 15 kwamba hoja haifai kuletwa mbele ya mkubwa.

5. Klabu ya mdahalo inatumika kama jibu, nayo si jibu.

Kila nilipouliza, niliambiwa: "Si mna klabu?" Tunayo, na ninaishukuru. Tunafuata utaratibu wa kibunge unaotumika katika mashindano ya dunia ya vyuo vikuu, yaliyoanza mwaka 1981: timu 4 za watu wawili wawili, mada inatolewa dakika 15 kabla, kila msemaji dakika 7. Ni mazoezi mazuri mno. Lakini tuko wachache, na karibu wote tulikuja tukiwa tayari hatuogopi kusema. Anayeuhitaji mdahalo zaidi ni yule anayetetemeka akiitwa jina, na yule hatakuja klabuni kwa hiari. Ndiyo maana kozi imewekwa iwe ya lazima.

Sasa najua majibu yatakayotolewa, maana mengine nimeshayasikia kwenye korido.

Itasemwa kwamba wanafunzi ni wengi. Ni kweli, mwaka wa kwanza wa programu yetu una watu wapatao 240. Wagawe katika makundi 20 ya watu 12. Katika saa moja ya semina, 4 wanajadiliana, wawili kila upande, dakika 4 kila mmoja. 4 wanaandika safu na kuuliza maswali. 4 ni majaji, na kila jaji lazima aeleze kwa nini ameamua alivyoamua. Wiki inayofuata wanabadilishana. Katika wiki 12 kila mwanafunzi atakuwa amesimama kusema mara 4, ameandika mara 4 na ameamua mara 4. Makundi 20 kwa wasaidizi 5 wa wahadhiri ni saa 4 kwa wiki kwa kila mmoja. Saa moja ya mhadhara inaweza kufutwa kupisha hili, na hakuna atakayeilia.

Itasemwa kwamba wahadhiri hawakufunzwa kusimamia midahalo. Mwezeshaji hatakiwi awe bingwa wa kusema. Anatakiwa atunze muda, ahakikishe hoja inarudiwa kabla ya kujibiwa, na amzuie anayemshambulia mtu. Sisi wa klabu tumejitolea kwa maandishi, katika barua ya tatu, kuandaa mafunzo ya siku mbili bila malipo. Barua hiyo imo kwenye faili.

Itasemwa kwamba midahalo italeta vurugu. Nadhani ni kinyume. Kijana anayejua kuandika dai lake, ushahidi wake na jibu la pingamizi atakuja kwenye meza yako akiwa na karatasi. Asiyejua atabaki na kelele, kwa kuwa ndicho chombo pekee alichonacho.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko yote, nalo ni la kale. Tangu enzi za Wayunani, walimu wa kusema wamelaumiwa kwamba wanafundisha watu kulifanya neno dhaifu lionekane lenye nguvu. Kwamba kijana anayeweza kutetea upande wowote mwishowe hataamini upande wowote. Nimewaona watu wa namna hiyo, hata klabuni mwetu: wepesi wa ulimi, hawakubali kushindwa, wanahesabu ushindi badala ya kuuliza ukweli. Hofu hii siwezi kuifuta kwa sentensi moja. Ninachopendekeza ni kwamba alama zisitolewe kwa kushinda. Zitolewe kwa kuirudia hoja ya mwenzako kwa haki, kwa ubora wa ushahidi, na kwa ukurasa mmoja utakaoandikwa baada ya kila mdahalo kujibu swali hili: ni neno gani la upande wa pili lililokusogeza, na lilikusogeza kiasi gani? Anayeandika kila mara "hakuna" ajue kwamba anaonekana.

Na kwa wale wanaosema insha zinatosha: siku hizi programu ya kompyuta inaandika insha safi ndani ya dakika moja. Mwanafunzi anaweza kuikabidhi bila kuisoma. Muulize maswali mawili akiwa amesimama, utajua kama hoja ni yake.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu wa Chuo, naomba mambo yafuatayo. Kwanza, kuanzia muhula ujao angalau nusu ya alama za kozi hii zitokane na mdahalo na utetezi wa mdomo, na upande upangwe kwa bahati nasibu. Pili, swali la kutaja na kueleza aina za makosa liondolewe kwenye mtihani, mahali pake iwekwe makala fupi halisi, mwanafunzi aichambue, aonyeshe panapovuja na aseme pangezibwaje. Tatu, utolewe waraka kwa idara zote unaosema wazi kwamba mwanafunzi aliyepinga hoja ya mhadhiri kwa adabu na kwa sababu hataadhibiwa wala kudhihakiwa, na utaje ni kwa nani atakwenda likitokea. Nne, tupewe jibu la maandishi. Hata likiwa la kukataa, liwe na sababu, ili tupate cha kujibu.

Kama mabadiliko ya chuo kizima ni mzigo kwa sasa, jaribuni makundi 4 tu kwa muhula mmoja. Wapeni wanafunzi hao na wengine wasiojaribu makala moja ileile waichambue mwishoni, na wasahihishaji wasijue nani ni nani. Tukishindwa, nitayaandika hayo hadharani kama nilivyoandika haya.

Nimeomba nafasi kwenye kikao kijacho cha Baraza la Taaluma. Nahitaji dakika 10, na nitafurahi zaidi kama 7 kati ya hizo zitakuwa za maswali yenu. Safari hii nitakuja na nakala ya daftari la maktaba la miezi 3, na majibu ya wenzangu 30 niliowauliza mlangoni kama wangebaki. Walio wengi walisema ndiyo. Wanane walisema hapana, na sababu zao nimeziandika pia.

Wako katika ujenzi wa chuo,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
kwa niaba ya wenzake 41 waliotia saini.

Nakala:
Mlezi wa Wanafunzi
Serikali ya Wanafunzi
Mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba